CT Scan ya Njia ya Mkojo Huanzia Nyumbani

Mgonjwa akishaandikiwa CT scan ya njia ya mkojo, maswali mawili hutangulia mengine yote: ni shilingi ngapi, na je, aje bila kula? Yote mawili ni ya haki. Kipimo hiki si cha bei ndogo, na kushinda na njaa kwenye benchi la hospitali si jambo la kudharau. Hata hivyo, mtu anaweza kufika mapokezi akiwa na fedha kamili na tumbo tupu, na bado akarudishwa nyumbani: hana majibu ya kipimo cha figo, au imegundulika dakika za mwisho kwamba aliwahi kuvimba uso baada ya kudungwa dawa ya picha, au fomu yake haisemi kama picha ipigwe kwa dawa ya mshipani au bila dawa.

Mambo haya huharibika siku kadhaa kabla ya mtu kupanda mezani, na kinachoyazuia ni taarifa. Mgonjwa anayejua kwa nini ametumwa, anayejua hali ya figo zake na anayeweza kutaja dawa zote anazotumia amekwisha kufanya sehemu kubwa ya maandalizi, hata kama asubuhi ile amekunywa chai.

Kipimo chenyewe kina zaidi ya nusu karne, na sehemu ya chimbuko lake iko Afrika. Mwaka 1956, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, aliitwa kusaidia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Huko ndiko alikoanza kukokotoa namna eksirei zinavyopungua nguvu zikipita katika nyama na mifupa. Uingereza nako, mhandisi Godfrey Hounsfield aliunda mashine kwa njia yake mwenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo jijini London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wote wawili walitunukiwa Nobel ya tiba.

Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, figo zilitazamwa kwa eksirei za kawaida zilizopigwa moja baada ya nyingine mgonjwa akishadungwa dawa. Zilisaidia sana, lakini zilikuwa picha bapa, kiungo kimekaa juu ya kiungo. Katika CT scan, chanzo cha eksirei huzunguka mwili, kisha kompyuta hutoa vipande vyembamba vya picha, kama boflo lililokatwa slesi, na daktari huvipitia kimoja kimoja kuanzia juu ya figo hadi chini ya kibofu.

Sasa swali la kumwuliza daktari kabla hata ya bei: picha inapigwa kwa dawa au bila dawa?

Chukua mfano wa dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, anayejibana maji ili asisimame njiani. Usiku anashikwa na maumivu makali yanayoanzia ubavuni na kushuka hadi kwenye kinena, hawezi kukaa wala kulala. Daktari anahisi jiwe. Huyu kwa kawaida anahitaji picha bila dawa: hakuna sindano, hakuna kungoja majibu ya figo, hakuna sababu ya kufunga kula, na kazi ya mashine huisha kwa dakika chache. Picha hiyo huonyesha karibu mawe yote, yakiwemo ya asidi ya yuriki ambayo eksirei ya kawaida huyapita bila kuyaona, na hupima ukubwa wake. Kipimo cha ukubwa ndicho kinachoamua matibabu, maana mengi ya mawe yasiyozidi milimita 5 hutoka yenyewe kwa maji na dawa za maumivu. Kwa kipimo hiki ni vizuri mgonjwa afike akiwa na mkojo wa wastani kibofuni, ili jiwe lililokwama pale mrija unapoingia kibofuni lionekane bila utata.

Mfano wa pili ni mtu wa makamo aliyeona damu katika mkojo, bila maumivu yoyote. Huyu mara nyingi huandikiwa picha za dawa, kwa awamu tatu. Ya kwanza hupigwa kabla ya sindano. Ya pili hufuata takriban dakika moja na nusu baada ya dawa kuingia, wakati nyama ya figo imeng'aa na uvimbe wowote unajitenga. Ya tatu husubiri kama dakika 10, hadi dawa ishuke pamoja na mkojo na kuchora mirija yote mpaka kibofuni. Ndiyo sababu huyu hukaa chumbani muda mrefu kuliko yule wa jiwe, na ndiyo sababu maandalizi yake ni mazito zaidi.

Afrika Mashariki ina sababu yake yenyewe ya kukijali kipimo hiki, nayo ni kichocho. Mnyoo unaosababisha kichocho cha mkojo hukaa katika mishipa inayozunguka kibofu, na mayai yake hujichimbia katika kuta za kibofu na mirija. Pemba na Unguja, Kwale na bonde la Mto Tana, wilaya nyingi za Kanda ya Ziwa: kote huko watoto wameoga na kuchezea maji yenye konokono wanaoeneza ugonjwa huu. Miaka ikipita, mayai yaliyokufa huganda kama chokaa, na ukuta wa kibofu huonekana kwenye picha kama mstari mweupe. Mirija huweza kubana, figo ikavimba polepole bila mwenyewe kuhisi lolote. Baadhi hupata saratani ya kibofu. Tangu mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umekiweka kichocho hiki katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Kwa hiyo mgonjwa aseme alikokulia. Mpemba anayeishi Muscat, au mtu wa Mwanza aliyehamia Toronto, anaweza kuhudumiwa na daktari hodari ambaye hajawahi kuona kichocho maishani mwake. Sentensi moja fupi, kwamba utotoni alioga mtoni na aliwahi kukojoa damu, humpa msomaji wa picha mwanga ambao mashine haiwezi kuutoa.

Dawa inayodungwa ina madini ya iodini, kwa kawaida mililita 100 hivi, na hutolewa mwilini na figo. Hapo ndipo kipimo cha kreatinini kinapoingia. Ni kipimo cha damu cha kawaida, hufanywa hata katika maabara za wilaya, na kutokana nacho daktari hukokotoa kiwango cha uchujaji wa figo. Kiwango kikiwa 30 au zaidi, na figo hazijashtuka ghafla kwa ugonjwa, hatari ya dawa hii ni ndogo. Chini ya 30, madaktari hukaa kupima faida na hatari: pengine ultrasound itatosha, pengine picha bila dawa itajibu swali, pengine mgonjwa ataongezewa maji ya mshipani kabla na baada. Anayesafiri kutoka mbali kwenda hospitali ya rufaa, iwe Bugando, KCMC au Muhimbili, apime kreatinini kwao kwanza na abebe karatasi yenye tarehe. Hospitali nyingi hukubali majibu ya ndani ya mwezi mmoja kwa mtu ambaye hali yake haijabadilika, nyingine hutaka ya karibu zaidi. Simu moja kabla ya safari huokoa gharama ya kulala mjini.

Mwenye kisukari anayetumia metformini asiiache kwa kusikia mitaani kwamba ni hatari. Dawa ya picha haigombani na metformini moja kwa moja. Tatizo huja figo zikishindwa kazi, metformini ikarundikana na damu ikajaa asidi. Mwenye figo nzuri kwa kawaida huendelea na dozi zake. Mwenye kiwango chini ya 30, au ambaye figo zimeshtuka ghafla, huisimamisha siku ya kipimo na kukaa saa 48, kisha hupima figo tena kabla ya kuirudia. Uamuzi huo ni wa daktari. Kuacha dawa kiholela huku sukari ikipanda ni kubadili hatari ndogo kwa hatari kubwa.

Wapo pia wanaotumia ARV, na hapa ukimya unaumiza. Dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge kinachotumiwa na watu wengi Tanzania na Kenya, hupandisha kidogo namba ya kreatinini bila kuidhuru figo. Asiyeambiwa anaweza kudhani figo zimeharibika. Ndani ya kidonge hichohicho kuna tenofoviri, ambayo kwa baadhi ya watu huiathiri figo kweli. Dolutegraviri huongeza pia kiasi cha metformini katika damu. Anayetumia atazanaviri naye aseme, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kutengeneza mawe ambayo hata CT scan ya bila dawa huweza kuyakosa. Wahudumu wanawajibika kutunza siri ya mgonjwa. Akiona haya kusema mbele ya foleni, aombe kuzungumza pembeni, au aandike kwenye karatasi na kumpa mtaalamu wa mionzi mkononi.

Orodha hiyo iwe na diklofenaki na brufeni zilizonunuliwa dukani bila cheti, maana hubana mtiririko wa damu ya figo na si vizuri zikutane na dawa ya picha katika figo iliyochoka. Iwe na mitishamba pia. Daktari mwenye busara hatamgombeza mtu kwa kunywa mizizi. Anachotaka ni kujua.

Kuhusu mzio, kuna imani iliyoenea sana, hata miongoni mwa baadhi ya wahudumu wa afya, kwamba asiyepatana na kamba au kaa asidungwe dawa yenye iodini. Imani hiyo haina msingi. Kinachowadhuru watu katika kamba ni protini iliyo katika nyama yake, na protini hiyo haimo kabisa katika dawa ya picha. Mvuvi wa Lamu anayetokwa na vipele akila kamba hana sababu ya kunyimwa kipimo anachokihitaji. Taarifa nzito ni nyingine: kama mtu aliwahi kupata vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kudungwa dawa kama hiyo, na kama ana pumu, hasa isiyotulia. Kwa dawa za kisasa athari kali ni adimu, watu wapatao 4 katika kila 10,000, lakini aliyewahi kupata athari ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata tena. Huyo huweza kubadilishiwa aina ya dawa, au kupewa vidonge vya steroidi vinavyoanza kumezwa tangu usiku wa kuamkia kipimo. Akisema asubuhi ile ile mlangoni, muda umeshapita. Vilevile mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi aseme mapema, kwa kuwa iodini huweza kuichochea.

Je, chakula? Miongozo ya sasa ya wataalamu wa radiolojia wa Marekani na wa Ulaya haimtaki mgonjwa afunge kabla ya kudungwa dawa za kisasa. Hospitali nyingi bado zina utaratibu wa saa 4 bila chakula, na mgonjwa afuate wa hospitali yake. Kosa baya zaidi ni kuchanganya njaa na kiu. Anayeambiwa asile huacha na maji, akalala mezani mwili umekauka, wakati figo zilihitaji maji ili zisukume dawa na kuijaza mirija vizuri. Kwa picha za awamu tatu, vituo vingi humtaka mgonjwa anywe nusu lita hadi lita moja ya maji katika saa moja kabla ya kipimo. Mwenye selimundu hafai kabisa kuachwa na kiu. Wanaotengwa na ushauri huu ni wale ambao daktari amewapimia maji, kama wenye moyo uliochoka na wanaosafishwa damu kwa mashine.

Mwenye kisukari anayedunga insulini aombe miadi ya mapema, kama saa 2 asubuhi, na aulize dozi ya siku hiyo, kwa kuwa insulini bila chakula huangusha sukari. Aliyekunywa dawa nyeupe ya bariamu kwa picha ya tumbo siku chache zilizopita pia aseme, maana mabaki yake utumboni huweza kufunika mirija ya mkojo.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Kama kipimo kinaweza kungoja, kipangwe jioni au baada ya Idi. Kama hakiwezi, dini imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na shekhe wa mtaa ataeleza masharti. Kunyima figo maji kwa sababu ya aibu ya kuonekana unakunywa mchana si jambo ambalo dini imelidai.

Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito aseme hata kama ana shaka tu ya siku chache. Kwa mjamzito, ultrasound ndiyo hutangulia. Anayenyonyesha hahitaji kumwaga maziwa. Chini ya asilimia 1 ya dawa hufika kwenye maziwa, na katika hiyo utumbo wa mtoto hunyonya chini ya asilimia 1 tu.

Shanga za kiunoni zivuliwe nyumbani, faraghani, pamoja na hirizi yenye bati, mkanda, funguo na sarafu. Vyote hivi hukaa hasa pale picha inapopigwa. Chuma huacha michirizi inayofuta sehemu ya picha. Kanga au kikoi kisicho na kifungo cha chuma hufaa kuliko suruali ya jinzi.

Chumbani hakuna handaki la kutisha. Mashine ni pete nene, wazi pande zote mbili, na meza hupita katikati yake. Mgonjwa hulala chali, mikono juu ya kichwa, kanula ikiwa kwenye mshipa wa mkono. Dawa ikiingia, joto hupanda kooni na kushuka hadi chini ya kitovu, mdomo huja na ladha ya chuma, na wengi huhisi wamejikojolea. Hawajajikojolea. Hisia hiyo hupita ndani ya dakika moja au mbili, na mtu aliyeelezwa mapema hubaki ametulia. Kazi yake pekee ni kushika pumzi anapoambiwa, kama sekunde 10 hadi 15. Anaweza kujizoeza nyumbani. Mkono ukivimba au kuwaka moto pale penye kanula, apige kelele mara moja, asivumilie.

Kipimo kikiisha, akae hospitalini kama nusu saa. Muwasho, midomo kuvimba au pumzi kubana viripotiwe hapo hapo. Vipele vinaweza kuchelewa hadi wiki moja, navyo mara nyingi hutibika kwa urahisi. Aendelee kunywa maji. Figo zenye afya hutoa karibu dawa yote ndani ya saa 24. Hakuna mionzi inayobaki mwilini, kwa hiyo abebe mtoto wake bila hofu.

Mionzi yenyewe ni jambo la kweli na lisitiwe chumvi. Binadamu hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Picha ya mawe ya dozi ndogo inaweza kuwa chini ya milisivati 4, ilhali ya awamu tatu huweza kupita 10. Mtu anayehitaji jibu asikimbie kipimo kwa hofu ya namba hizo. Lakini kijana mwenye mawe yanayorudi kila mwaka asipigwe CT scan kila anapoumwa pale ambapo ultrasound ingetosha, na hakuna aliye na sababu ya kurudiwa kipimo kwa kuwa tu picha za mwezi uliopita zimesahaulika nyumbani. CD na ripoti za zamani zibebwe kila safari. Wakati wa kulipa, mgonjwa aulize kama bei inajumuisha dawa ya picha, ripoti na CD, na mwenye bima aulize kama idhini inahitajika kabla ya siku yenyewe.

Ripoti irudi kwa daktari aliyeagiza, si kwenye simu ya jamaa anayejua kusoma Kiingereza. Na picha safi haimalizi habari kwa mtu aliyekojoa damu: uvimbe mdogo kibofuni huweza kupita bila kuonekana, ndiyo maana daktari bingwa wa mfumo wa mkojo huweza kutaka kibofu kitazamwe kwa kamera pia. Msomaji aliyeona damu, akaambiwa ni UTI, akamaliza dozi, kisha damu ikarudi, asinunue dozi nyingine dukani. Arudi hospitali na kudai achunguzwe hadi chanzo kijulikane.